Pombe ya Ndizi, kutoka Kagera hadi Kilimanjaro

Pombe ya ndizi ni kinywaji kinachotokana na maji ya ndizi mbivu yaliyoachwa yachache, mara nyingi kwa kusaidiwa na nafaka. Hutengenezwa nyumbani, kwa mikono na kwa miguu, katika ukanda wa migomba unaoanzia Kivu, ukapita Burundi, Rwanda, Uganda na Kagera, kisha ukatokea tena mashariki kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wahaya huiita olubisi, na wengi wakizungumza Kiswahili husema rubisi. Waganda wana omwenge na tonto, Wanyarwanda urwagwa, Warundi urwarwa, na aliyeko Bukavu huagiza kasiksi. Wachaga wana mbege. Majina ni mengi kuliko njia za kuitengeneza, kwa maana njia kubwa ni mbili tu: ile ya magharibi mwa Ziwa Viktoria, ambako ndizi mbivu hukamuliwa bila kuonja moto, na ile ya Kilimanjaro, ambako ndizi hupikwa kwanza.

Anayesafiri kutoka Bukoba hadi Moshi hutoka njia moja akaingia nyingine, na katika zote mbili hukuta sharti lilelile: pombe hii haingoji. Ikishakuwa tayari ina siku chache tu, kisha huanza kugeuka siki. Desturi za kualika, kuonja, kugawa na kuuza zimejengwa juu ya sharti hilo, na ndilo linalokifanya kinywaji hiki kistahili kuangaliwa kwa makini kuliko wanavyokiangalia watu wa mijini, wanaokiona kuwa bia ya wasio na pesa ya chupa.

Kandokando ya ziwa, Kagera hupata mvua ya takriban milimita 2000 kwa mwaka. Kwa mbali kijiji cha Kihaya huonekana kama msitu. Ni mpaka mtu aingie ndani ndipo anapoziona nyumba, njia nyembamba zilizotandazwa majani makavu, na watoto wakipishana na mbuzi katikati ya magomba. Shamba hilo la nyumbani ni kibanja. Migomba imetawala, chini yake mna mibuni ya robusta, na chini ya mibuni maharage. Nje ya vibanja ni rweya, uwanda wa nyasi ulio wazi kwa upepo wa ziwa. Mgeni anaweza kudhani rweya ni ardhi iliyotelekezwa. Kumbe nyasi zake ndizo zilizoezekea nyumba za msonge, ndizo zinazotandazwa shambani kuhifadhi unyevu, ndizo zilizokuwa zulia la sakafuni, na ndizo zinazokamua pombe. Mahali ambapo rweya imepandwa mikaratusi au misonobari, wanaotengeneza rubisi huenda mbali kutafuta nyasi, na lalamiko hilo mgeni hulisikia mapema.

Ndani ya kibanja kimoja mna ndizi za kila kazi. Ziko za kupika, ambazo ni chakula chenyewe, zikichanganywa na maharage au samaki. Ziko za kuchoma, ziko za kuiva zikaliwa hivyo hivyo, na ziko za pombe, ziitwazo embire. Kwa macho ya mtu wa pwani mgomba wa embire hautofautiani na wa ndizi za kupika, na kwa kweli ni wa jamii moja, ile ya ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mwenye shamba huutambua kwa umbo la mkungu na kwa rangi ya shina, na anayetaka kuhakikisha huivunja ndizi moja na kuitia ulimini. Embire ina ukakasi unaokausha kinywa. Nyama yake ina vidoa na utomvu wa kahawia uliojaa tanini, na mtu hawezi kuila ikapita kooni kwa raha. Aliyekulia Mtwara au Lindi anaujua ukakasi huo kutokana na mabibo, ambayo nayo, msimu wa korosho ukifika, hukamuliwa na kuachwa yachache yawe uraka. Tunda linalokataa kuliwa kwa wingi hupata kazi nyingine, na katika embire kazi hiyo inategemea ukakasi wenyewe, kama itakavyoonekana.

Hatua ya kwanza ni kuivisha, na hapa ndipo pombe nyingi hufaulu au kuharibika kabla hata hazijaanza. Ndizi mbichi ina wanga mwingi na sukari kidogo mno. Ikiiva, wanga huo, ambao ni kama sehemu moja ya tano ya nyama yake, karibu wote hugeuka sukari, na sukari ndiyo chakula cha hamira. Mikungu iliyokomaa hukatwa na kuachwa inyauke kidogo. Baadaye hufukiwa katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kutiwa joto kwa moto, au huwekwa kwenye dari juu ya meko. Shimo hufunikwa majani na udongo, na baada ya siku nne hadi sita ndizi hutoka zikiwa na rangi ya njano isiyo na kijani. Joto peke yake halitoshi kueleza kinachotokea mle. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huziamsha nyingine ziive, na moshi wa kuni nao una gesi hiyohiyo. Shimo lililozibwa huikusanya gesi isipotee, hivyo mikungu iliyokatwa siku mbalimbali hufika pamoja. Hilo ndilo linalotakiwa. Ndizi ambazo hazijaiva sawasawa hutoa uji mzito badala ya maji, na zilizopitiliza hulegea na kutoa maji machache. Wazee hupima kwa kidole gumba: ganda libonyee, nyama isisambae.

Kukamua ni kazi ya wanaume, na hufanywa asubuhi. Kwenye ua wa mzee mmoja katika kijiji kimoja cha Bugabo, kaskazini mwa Bukoba, mtumbwi wa kukamulia ulikuwa umewekwa chini ya mti, umetulizwa kwa mawe pande zote mbili. Ni gogo lililochongwa kama mitumbwi ya ziwani, isipokuwa fupi na lenye tumbo pana, na ndani limekuwa jeusi kwa miaka ya kazi. Wanawake na watoto walikuwa wamemaliza kumenya. Ndizi zilimwagwa ndani, zikafunikwa kwa mafungu ya nyasi za rweya zilizooshwa, na vijana wawili waliokwisha kunawa miguu hadi magotini wakaingia. Mwanzoni hakuna kinachoonekana isipokuwa tope la njano linalopanda katikati ya vidole vya miguu. Mmoja alitaka kwenda kwa kasi. Mzee, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akitafuna buni za kahawa zilizochemshwa, hakunyanyuka. “Polepole, kijana wangu,” alisema. “Ukikimbia utatupatia uji.” Kijana akajibu, “Ndiyo, waitu,” akapunguza mwendo.

Wakaendelea kukanyaga na kugeuza, kukanyaga na kugeuza, mpaka tope likaanza kujishika kwenye nyasi kwa mabonge. Ndipo chini ya nyayo yakatokea maji, membamba, yenye rangi ya asali changa, na harufu ya ndizi ikajaa uani. Mabadiliko hayo huja ghafla kiasi kwamba asiyeyatarajia hudhani kuna mtu aliyemwaga maji mtumbwini. Hakuna aliyemwaga. Maji ya ndizi hufungwa na pektini na nyuzinyuzi za nyama, ndiyo maana mtu akiiponda ndizi tamu ya kawaida kwenye kinu hupata ujiuji tu hata akitwanga mchana kutwa. Ukingo wa nyasi hukata nyama hiyo na kuishikilia, na tanini ileile inayokunja ulimi hushikana na protini za ndizi, vikaganda pamoja na kujitenga na maji. Kwa hiyo ukakasi wa embire hubaki kwenye machicha, nayo maji hutoka matamu. Hakuna aliyeandikiwa kanuni hii kijijini. Iligunduliwa na watu waliokuwa wakitazama miguu yao kwa uangalifu, na inastahili kutajwa miongoni mwa uvumbuzi wa Afrika Mashariki.

Maji ya kwanza huchujwa kupitia nyasi safi na kuwekwa kando. Machicha humiminiwa maji kidogo yakakamuliwa mara ya pili. Kabla ya kitu chochote kuongezwa, watoto huja na vikombe, kwani wakati huo ni sharubati tupu isiyo na kileo. Mgeni naye hupewa. “Karibu unywe na watoto,” mama wa nyumba hiyo alisema kwa upole, akishika kikombe kwa mikono miwili, “ya wakubwa utayakuta kesho.” Utamu wake ni mkali kuliko wa muwa, na baada ya vikombe viwili mtu huomba maji.

Pombe yenyewe huanza pale maji ya ndizi yanaporudishwa mtumbwini, yakapunguzwa makali kwa maji ya kawaida, kwa kawaida madebe matatu ya maji ya ndizi kwa debe moja la maji, na kutiwa unga wa mtama mwekundu uliokaangwa na kusagwa. Mtama hutoa rangi, harufu ya nafaka iliyoungua kidogo na uchungu unaokata utamu. Huleta pia hamira za asili, ingawa nyingine nyingi zimo tayari kwenye maganda, kwenye nyasi na kwenye mbao za mtumbwi. Ndiyo sababu mtumbwi wa pombe huoshwa kwa maji matupu, kamwe si kwa sabuni. Hufunikwa kwa majani mabichi ya mgomba na kuwekewa miti juu yake, ukaachwa usiku kucha hadi siku ya pili. Hamira hula sukari na kutoa kileo na hewa ya ukaa kwa uzito unaokaribiana, kiasi kwamba gramu 100 za sukari hutoa karibu gramu 50 za kileo. Mtu akitega sikio usiku husikia povu likichemka chini ya majani. Rubisi iliyotiwa maji, ukali wake hauko mbali na wa bia ya chupa. Isiyotiwa maji huwa kali zaidi, na Burundi ina jina lake la peke yake, insongo, na hutolewa kwa watu wanaoheshimiwa.

Ikishafunuliwa, hesabu ya siku imeanza. Siku ya kwanza rubisi ina utamu bado. Siku ya pili imekomaa. Kufikia ya tatu au ya nne, bakteria wa siki, ambao wanahitaji hewa tu ili wafanye kazi, wameshaipata, na pombe imekuwa chachu. Mtumbwi mmoja hutoa pombe nyingi kuliko familia moja inavyoweza kunywa kwa siku mbili, kwa hiyo jirani si mtu wa kufikiriwa baadaye; yumo kwenye mpango tangu mkungu ulipokatwa. Wiki hii mtumbwi uko kwa mzee huyu, wiki ijayo kwa mwingine, na anayekunywa leo anajua atakayemwalika. Enzi za watawala wa Kihaya, Abakama, sehemu ya pombe ilipelekwa kwa mtawala, na sehemu ilimwagwa kwa ajili ya wahenga kabla ya walio hai kunywa. Watawala hao walipoteza madaraka miaka ya mwanzo ya uhuru. Kumwaga kidogo chini kumebaki katika nyumba kadhaa, hata za watu wasiokosa ibada Jumapili. Mwenye nyumba pia huonja kwanza mbele ya wageni. Zamani kuonja huko kulikuwa uthibitisho kwamba kinywaji hakina sumu. Siku hizi ni adabu.

Ukivuka Mutukula kwenda Masaka na Mbarara, kazi ni ileile na mtumbwi ni uleule. Waganda huuita ukamuaji huo kusogola, nao pia huuacha kwa wanaume na miguu yao. Pombe hunywewa katika endeku, kibuyu kidogo chenye shingo, na sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa msichana haikamiliki bila omwenge. Rwanda, mashimo ya kuivishia huitwa urwina na mtumbwi ni umuvure, na wazee huvuta urwagwa kwa mrija uitwao umuheha, kibuyu kikizunguka na mrija ukipokezanwa. Vilima vya huko vimefunikwa migomba hadi kileleni, na mtu aliyetoka Kagera hujiona hajatoka nyumbani, mpaka atakapoona jinsi mashamba yalivyo madogo na jinsi kila hatua ya ardhi ilivyopangiwa kazi.

Ukanda huu wote umepigwa na pigo moja katika miaka ya karibuni: mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huo, ulioelezwa kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968 kwenye mimea ya jamii ya migomba, ulionekana Uganda na mashariki mwa Kongo mwaka 2001, Rwanda mwaka 2005, na Kagera mwaka 2006. Majani hunyauka yakawa ya njano, ndizi huiva kabla ya wakati wake zikiwa zimeoza ndani, na shina likikatwa hutoa usaha wa njano. Wadudu wanaotembelea ua dume lililo chini ya mkungu hubeba bakteria kutoka mgomba hadi mgomba, na panga la mkulima huwabeba pia. Kayinja, ndizi ya pombe inayopendwa sana Uganda kwa sababu huota hata penye udongo dhaifu, iliumia kuliko nyingi, kwa kuwa ua lake dume huacha vidonda vibichi ambavyo wadudu huviingia kirahisi. Tiba haipo. Kuna kinga: kuvunja ua dume kwa mti wenye panda badala ya kisu, kung'oa mgomba ulioambukizwa, na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Ni kazi ya kuchosha na inahitaji majirani wote waifanye pamoja, maana kibanja kimoja cha mzembe hurudisha ugonjwa kwa kumi walio waangalifu. Katika vijiji vilivyofanikiwa, mtu huona vijiti vyenye panda vimeegemezwa kwenye kuta za jikoni, tayari kwa kazi. Migomba ya chakula hupewa nafasi ya kwanza shamba linapopandwa upya, na ni haki iwe hivyo. Embire hurudi mwisho, na penginepo haijarudi.

Kilimanjaro migomba ni mingi vilevile, ila kila kitu kinachoizunguka ni tofauti. Kihamba cha Mchaga kipo kwenye mteremko, kati ya mita 1000 na 1800 hivi juu ya usawa wa bahari, kikinyweshwa na mifongo, ile mifereji inayoshusha maji ya mlima kwa ujuzi wa vizazi vingi. Kahawa hapa ni arabika. Chini, kwenye joto, ni mashamba ya nafaka, ambako zamani ulezi ulipata heshima kubwa, na ulezi huo ndio uliofanya mbege iwe mbege. Pombe hii ina wazazi wawili, ndizi na ulezi, na kila mmoja hutayarishwa peke yake kwa siku zake.

Ndizi kwanza huivishwa sana, hutolewa maganda, na kupikwa katika sufuria kubwa au pipa kwa saa kadhaa, huku zikikorogwa kwa mwiko mrefu, mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu na kutoa harufu ya sukari iliyoungua. Nyasi hazihitajiki kukamua kitu hapa, na ukakasi hauna kazi. Ndiyo maana aina nyingi za kihamba hufaa. Rojo hilo huachwa lipoe na kuchacha kwa siku kadhaa hadi livimbe na kutoa mapovu, kisha huchanganywa na maji na kuchujwa. Wakati huohuo ulezi umeloweshwa, ukafunikwa ukachipua, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Kuchipua huku ndiko kunakotenganisha njia mbili za pombe ya ndizi. Mtama wa Kagera hukaangwa, na kikaango huua sehemu kubwa ya vimeng'enya vyake, wala haidhuru, kwa kuwa sukari yote imetoka kwenye ndizi. Kimea cha ulezi huhifadhiwa kikiwa hai ili vimeng'enya vyake vigeuze wanga wa nafaka kuwa sukari mpya, na uji wa kimea hicho, uitwao mso, ukichanganywa na maji ya ndizi yaliyokwisha kuchacha, hamira hupata chakula cha pili. Mchanganyiko hulala usiku mmoja, na asubuhi mbege iko tayari.

Kuna kitu cha tatu. Ni gome la msesewa, mti wa porini na kandokando ya mito, ambalo hutiwa kuipa mbege uchungu wake. Wapishi hawafanyi mchezo na kiasi chake, kwani gome hilo lina kemikali zenye nguvu. Kwenye jiko moja la Marangu, mama mwenye umri wa kuwa bibi wa wengi waliokuwapo alikuwa akichemsha mso na vipande vya gome hilo, akionja kwa ncha ya mwiko, akinyamaza, akionja tena. Hakuwa na mizani wala kijiko cha kupimia. Alimpa mkwewe, akampa na mgeni. “Onja, mwanangu. Uchungu umetosha?” Mgeni alisema umezidi. Mkwe alisema, “Bado kidogo, mae.” Mama alicheka akaongeza kipande kimoja, akaeleza kwamba utamu wa ndizi utakuja kufunika, na anayeweka uchungu wa kumpendeza leo atajuta kesho watu watakaponywa na kusema ni uji. Siku ya pili alithibitika kuwa sahihi. Uchungu ulikuwa umerudi nyuma, ukabaki unasikika mwishoni mwa funda.

Mbege ni nzito, ya rangi ya kahawia, na punje za ulezi huelea juu. Huchotwa kwa kata, na kata moja huzunguka kwa watu kadhaa, kila mmoja akiikoroga kidogo kabla ya kunywa ili ulezi usibaki chini. Mtu aliyezoea bia nyepesi hupata shida na funda la kwanza. Ni kinywaji na ni chakula, na wakulima wanaorudi kutoka mashamba ya chini husema hivyo bila kuona aibu. Inahitajika kwenye mahari, kwenye msiba, kwenye ubatizo na kipaimara, na kwenye upatanisho. Aliyemkosea mwenzake hupeleka jani la sale pamoja na mbege, na mwenye kinyongo hupata shida kulikataa jani hilo mbele ya wazee. Kwa mgeni anayetoka mahali ambapo magomvi ya ardhi huishia mahakamani kwa miaka, kuona shauri la mpaka likikaribia kumalizika chini ya migomba, kata ikizunguka, ni jambo la kumpa wivu.

Kutengeneza mbege ni kazi ya wanawake, na pesa yake ni yao. Ada za shule za watoto wengi wa Kilimanjaro zimetoka kwenye mapipa hayo. Tofauti na Kagera, ambako mwanaume anayekanyaga mtumbwi ndiye mwenye kauli juu ya pombe, hapa mama ndiye anayejua ni lini ndizi zikatwe, nani auziwe kwa mkopo, na klabu gani ya pombe ina wateja wanaolipa. Ulezi siku hizi hununuliwa sokoni, ukiletwa kutoka mikoa mingine, kwa kuwa mashamba ya chini yamejaa mahindi na nyumba. Bei yake ndiyo inayoamua mso uwe mzito au mwepesi. Mapipa ya mbao na vyungu vimekuwa ndoo za plastiki. Plastiki ni nyepesi na husafishika kwa urahisi, lakini haibebi hamira za pombe iliyopita kama mti na udongo unavyobeba, kwa hiyo wapishi wengi huhifadhi machicha kidogo ya pombe ya awali ili kuianzisha mpya.

Maji ndiyo udhaifu mkubwa wa njia zote mbili. Rubisi haipikwi hata kidogo, na mbege huongezwa maji baada ya ndizi kupikwa. Maji yakiwa machafu, kileo kidogo kilichomo hakitoshi kuyasafisha, ndiyo maana vilabu vya pombe za kienyeji huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufungwa kipindupindu kinapoingia wilaya. Kuchemsha maji ya kuongezea na kuyaacha yapoe hakuharibu ladha yoyote, na nyumba zinazofanya hivyo zina haki ya kujivunia.

Pombe isiyongoja imetafutiwa dawa nyingi. Wengine huchemsha maji ya ndizi na kuyafunga kwenye chupa kabla hayajachacha. Viwanda vidogo huchuja pombe ikawa angavu na kuiuza kama mvinyo wa ndizi. Dawa iliyoenea zaidi ndiyo mbaya zaidi: kuikeneka rubisi iliyobaki ili kupata kinywaji kikali, enkonyagi kwa Wahaya, waragi kwa Waganda, gongo kwa Watanzania wengine. Kinywaji hicho hakiozi, kinabebeka, na kinampa mtu bei nzuri kwa chupa ndogo. Tanzania hukisimamia kwa sheria ya mwaka 1966 inayodai leseni, na kwa kawaida kinachotengenezwa vichakani hakina leseni yoyote. Madhara yake kwa walevi na kwa nyumba zao yanajulikana na kila mtu kijijini. Rubisi hulazimisha watu wakae pamoja wakainywe iishe. Chupa ya gongo humwezesha mtu mmoja kunywa peke yake mwezi mzima.

Kilimanjaro hesabu ya siku huonekana wazi kila Desemba, Wachaga wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wanapopanda kurudi nyumbani kwa Krismasi. Mama wa nyumba huhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 25: usiku mmoja wa mso na ndizi kulala pamoja, siku kadhaa za rojo kuchacha, siku ya kupika, siku za kuivisha, na kabla ya hayo yote siku za ulezi kuchipua na kukauka. Kwa hiyo mikungu ya sikukuu hukatwa mapema mwezi huo, wakati watoto wake bado wako makazini na hawajanunua hata tiketi. Akikosea kwa siku mbili, pombe itawakuta wageni ikiwa tamu mno au ikiwa imeshachachuka. Machicha ya ndizi na ulezi huenda kwa ng'ombe na nguruwe walio zizini, wanaoyala kwa pupa, na kinachobaki baada ya sikukuu, kikiwa kimekuwa siki, humwagwa kwenye mashina ya migomba.